Pumzi ya Mkimbiaji: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nyingi zilizoifikia safu hii mwezi huu zinazungumzia pumzi. Wako wanaotweta kabla miguu haijachoka, wako wanaoshikwa na kichomi, na wako wanaorudi nyumbani na shingo iliyokakamaa wakidhani kwamba hilo ni sehemu ya zoezi. Tumechagua barua sita na kuzijibu kwa kirefu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Swali: *Nimehamia Nairobi wiki tatu zilizopita nikitokea Mombasa, ambako nilizoea kukimbia kilomita saba kila asubuhi bila taabu yoyote. Hapa, kilomita ya pili haiishi kabla kifua hakijanibana nikalazimika kutembea. Je, mapafu yangu yameingia hitilafu? — Mwalimu wa shule ya msingi, South C*

Jibu: Mwalimu, karibu Nairobi, na uondoe hofu kwa sasa. Mombasa iko kando ya bahari, ilhali Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina oksijeni asilimia 21, sawa kabisa na ya pwani, lakini kanieneo yake, yaani nguvu ambayo hewa inagandamiza, imepungua kwa karibu moja kwa tano, na kanieneo hiyo ndiyo inayoisukuma oksijeni kutoka mapafuni kuingia katika damu. Kwa hiyo kila pumzi unayovuta South C inakupatia oksijeni kidogo kuliko pumzi ya ukubwa ule ule uliyokuwa ukivuta kule Nyali au Bamburi.

Mwili wako umeanza kulishughulikia jambo hilo. Tangu siku ya kwanza umekuwa ukipumua haraka na kwa kina zaidi, hata ukiwa umekaa, na moyo umeongeza mapigo. Figo nazo hutoa homoni inayouhimiza uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, ila kazi hiyo huchukua wiki kadhaa wala haiwezi kuharakishwa kwa kujikaza. Kosa la wengi wanaotoka pwani ni kuja na kasi ya pwani. Saa ya mkononi inawaambia kwamba wanakwenda polepole, wanaona aibu, wanaongeza mwendo, na pumzi inawakatikia.

Kwa mwezi mmoja au miwili ijayo, iweke saa hiyo kabatini na ujipime kwa mazungumzo: ukiweza kutamka sentensi nzima bila kukatiza katikati ili uvute hewa, mwendo wako unafaa, ukiweza kutoa maneno mawili matatu tu, punguza. Ukilazimika kutembea, tembea, kisha uendelee. Anayewatazama wanariadha wa Iten, mji ulio karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wakianza mbio zao nyepesi za asubuhi, hushangaa kuona mabingwa wakijikokota kwa mwendo ambao hata yeye angeuweza. Hawaoni haya kwenda polepole, nawe usione.

Hata hivyo, kuna dalili ambazo hazitokani na mwinuko. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kinachokaribia kuzimia, au ukitweta kwa kupanda ngazi chache tu hata baada ya wiki hizo kupita, mwone daktari. Mwombe pia akupime wingi wa damu, kwa maana upungufu wa damu humfanya mtu ahisi uchovu na kukosa pumzi vile vile, na wanawake wengi huwa nao bila kujua.

Swali: *Shuleni tulifundishwa kwamba mkimbiaji hodari huvuta hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo, na kwamba anayefungua mdomo wakati wa kuvuta hewa amekwisha kushindwa. Nimejaribu kufuata kanuni hiyo na ninahisi kama ninazama. Pia nimesikia kwamba ni lazima nihesabu hatua. Ukweli ni upi? — Kijana wa Umoja*

Jibu: Ndugu yangu, ukihisi unazama, mwili unakwambia kwamba hewa haitoshi, nawe unapaswa kuusikiliza. Mtu aliyekaa kimya hupitisha mapafuni lita sita hadi nane hivi za hewa kwa dakika, na pua inaimudu kazi hiyo bila shida. Anapoanza kukimbia, mahitaji hupanda, na yakifika lita 35 hadi 40 kwa dakika watu wengi hufungua mdomo wenyewe bila kuamua. Mwanariadha anayekimbia kwa nguvu zake zote hupitisha zaidi ya lita 100. Tundu mbili za pua haziwezi kubeba kiasi hicho, kwa hiyo tumia pua na mdomo pamoja, wakati wa kuvuta na wakati wa kutoa. Pua ina faida zake, kwani huipasha hewa joto, huilowesha na kuichuja vumbi, nami hupendekeza kwamba dakika kumi za mwanzo za mbio nyepesi mtu apumue kwa pua peke yake. Si kwa sababu mdomo ni haramu, bali kwa sababu pua itamzuia asianze kwa pupa.

Lililo muhimu kuliko mlango wa kuingilia hewa ni kina cha pumzi, na hasa namna unavyoitoa. Katika kila pumzi, takriban mililita 150 za hewa hubaki katika koo na mirija bila kufika mahali ambapo oksijeni huingia katika damu. Ukivuta pumzi ya mililita 500, hewa inayofanya kazi ni mililita 350. Ukivuta pumzi fupi za mililita 250, mara mbili kwa muda ule ule, umehema sana lakini hewa iliyofanya kazi ni mililita 200 tu kwa jumla. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kutweta kwa nguvu huku akikosa hewa. Ikumbukwe pia kwamba kinachokusukuma kuvuta pumzi nyingine ni hasa kaboni dioksidi inayojikusanya katika damu, wala si oksijeni kupungua. Anayevuta na kuvuta bila kutoa vizuri huibakiza hewa iliyochakaa kifuani, na hamu ya kupumua haimwishi. Pumzi ikikubana, anza kwa kuitoa: isukume nje kwa midomo iliyobanwa kidogo mpaka uhisi tumbo limeingia ndani, kisha uiachie hewa mpya iingie yenyewe.

Pumzi ya kina hutoka kwenye kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Jifunze ukiwa umelala chali kitandani, mkono mmoja juu ya kitovu na mwingine juu ya kifua. Vuta hewa polepole, na uhakikishe kwamba mkono wa kitovuni ndio unaoinuka kwanza ilhali wa kifuani karibu hautikisiki. Fanya hivyo dakika tano kila usiku kabla ya usingizi. Ukishazoea, jaribu ukiwa umesimama, kisha ukitembea kuelekea stendi ya matatu, na hatimaye ukikimbia.

Kuhusu kuhesabu hatua, jambo hilo lina msingi. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani, Dennis Bramble na David Carrier, walionyesha katika jarida la Science kwamba farasi anayekimbia kwa kasi hufungwa na umbo lake avute pumzi moja kwa kila mruko, lakini binadamu, kwa kuwa anakimbia kwa miguu miwili, anaweza kuchagua uwiano tofauti tofauti, na ule unaoonekana zaidi ni pumzi moja kwa hatua nne. Kwa hiyo, katika mwendo wa wastani, vuta kwa hatua mbili na utoe kwa hatua mbili. Katika mwendo mwepesi, tatu kwa tatu. Wako walimu wanaosisitiza hesabu ya tatu kwa mbili, ili mwanzo wa kutoa pumzi usiangukie mguu ule ule kila mara. Kama inakukaa vizuri, itumie, lakini sioni sababu ya kumsumbua nayo mtu anayeanza. Mimi hesabu ninaithamini kwa jambo jingine: ni kipimo cha mwendo. Ukiona kwamba tatu kwa tatu imekushinda na unalazimika kushuka hadi mbili kwa mbili katika mbio uliyokusudia iwe nyepesi, umekwisha kuongeza kasi au umeingia mlima bila kutambua. Pima hivyo kwa dakika moja moja, kisha uache kuhesabu. Anayehesabu safari nzima huishia kuikamia pumzi, na pumzi ikikamiwa hukakamaa.

Swali: *Ninafanya kazi ya ofisini na ninakimbia mara tatu kwa wiki kando ya barabara karibu na nyumbani. Kila nikimaliza, shingo na mabega huniuma kuliko miguu. Mume wangu anasema ninakimbia nikiwa nimekunja ngumi na nimekunja uso kama niliye vitani. Nifanyeje? — Mama wa watoto wawili, Donholm*

Jibu: Dada, shemeji ameona vizuri, na barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu hili ni jambo ambalo wakimbiaji wengi hawalishughulikii hata kidogo. Msuli uliokazwa hutumia oksijeni, uwe unakusogeza mbele au hausogezi. Ngumi iliyofumbwa, taya zilizoumana na mabega yaliyopanda hadi masikioni vinakula hewa ambayo miguu inaihitaji. Isitoshe, misuli ya shingo ni wasaidizi wa pumzi: kiwambo kikizuiwa na tumbo lililobanwa, misuli hiyo huitwa kuuinua kifua kwa kila pumzi. Haikuumbwa kwa kazi hiyo ya muda mrefu, na ndiyo maana inakuuma.

Anza na mikono, kwani hiyo unaiona. Vidole vikunjwe kidogo tu, kidole gumba kikiegemea ubavu wa kidole cha shahada bila kubonyeza, kana kwamba umeficha yai la kware kiganjani na hutaki livunjike. Viwiko vikunjwe kiasi cha pembe mraba, na viganja vipite karibu na kiuno bila kuvuka katikati ya mwili. Kisha nenda kwenye uso: achanisha meno ya juu na ya chini, ulimi ulale, mashavu yaweze kutikisika kila unapokanyaga. Mashavu yakitikisika, ujue taya zimelegea. Mwisho ni mabega. Usijiambie tu kwamba uyashushe, maana ukiyalazimisha kushuka utayakaza upande mwingine. Yapandishe kwa makusudi hadi masikioni wakati unavuta pumzi, yashikilie kwa hatua mbili, kisha uyaachie yaanguke pamoja na pumzi ndefu inayotoka kwa sauti. Angusha mikono, ikung'ute kwa hatua kumi, uirudishe mahali pake. Fanya ukaguzi huo kila kilomita, au kila unapopita kituo cha matatu, na hasa unapopanda mlima, kwa maana kwenye mlima ndipo mwili hukakamaa bila kuuliza ruhusa.

Ukitaka mfano wa kutazama, tafuta picha za David Rudisha akikimbia mita 800 katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, siku alipoandika dakika 1:40.91. Usiitazame miguu, tazama shingo na mabega yake katika mita 200 za mwisho: wanaomfuata wamekwisha kukakamaa, yeye bado ametulia. Mwalimu wake, Colm O'Connell, aliyefika Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St Patrick's, anafahamika kwa kutilia mkazo mtindo mzuri na mwili uliolegea kwa vijana wake. Eliud Kipchoge naye, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 huko Vienna mwezi Oktoba 2019, anajulikana kwa tabasamu lake pale maumivu yanapozidi, na amewahi kueleza kwamba hutabasamu kwa makusudi ili alegee. Jambo hilo limepimwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wataalamu wa vyuo vikuu vya Ulster na Swansea ulionyesha kwamba wakimbiaji walipotabasamu walitumia nishati pungufu kidogo, kwa zaidi ya asilimia 2, kuliko walipokunja uso.

Ni haki nimtaje pia Emil Zátopek wa Chekoslovakia, ambaye alikimbia akiwa amekunja uso, kichwa kikiyumba na pumzi ikisikika mbali, lakini katika Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952 akashinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Uso peke yake hauamui mbio. Ila Zátopek alikuwa mmoja, na wewe shingo inakuuma.

Sasa nikuulize mambo mawili. Je, unakimbia ukiwa umeshika simu mkononi? Ninajua kwamba wengi hufanya hivyo kwa kuhofia mifuko mepesi na watu wenye vidole vyepesi. Mkono unaoshika simu hauwezi kulegea, na bega la upande huo hufuata. Inunulie mkanda wa kiunoni wenye zipu. La pili ni hiyo barabara. Mtu anayekimbia huku akisikiliza pikipiki inayotoka nyuma na matatu inayopanda ukingoni hawezi kuulegeza mwili, na hafai kuulegeza, kwa kuwa tahadhari ndiyo inayomlinda. Mazoezi ya utulivu yafanyie mahali penye usalama: uwanja wa shule uliopewa ruhusa kuutumia, Arboretum, au msitu wa Karura siku unayoweza kufika huko. Njia za Karura ni za udongo, zina kivuli, na moshi wa magari unausahau baada ya dakika chache. Msitu huo upo leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa na kujeruhiwa langoni pake mwezi Januari 1999 walipokuwa wakipinga unyakuzi wake, na mimi siwezi kuvuta pumzi pale bila kuwashukuru.

Swali: *Nikikimbia baada ya kunywa chai ya maziwa na mandazi, kichomi hunishika ubavu wa kulia chini ya mbavu. Je, ni ini? — Fundi wa magari, Industrial Area*

Jibu: Fundi, kichomi kinachokuja wakati wa kukimbia na kuondoka ukipumzika ni jambo la kawaida, na hakina uhusiano na ugonjwa wa ini. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu chanzo chake, lakini wanakubaliana kwamba tumbo lililojaa na vinywaji vitamu hukichochea, nawe umevitaja vyote viwili. Acha saa mbili zipite baada ya chai hiyo, au ukimbie kwanza ndipo unywe. Kikikushika njiani, punguza mwendo, bonyeza pale panapouma kwa vidole, inama mbele kidogo, na utoe pumzi ndefu mara kadhaa. Maumivu yanayobaki hata ukiwa umepumzika, au yanayokuja na homa, ni ya kumpelekea daktari.

Swali: *Binti yangu wa miaka kumi na minne ana pumu na anataka kujiunga na timu ya mbio za nyika shuleni. Asubuhi za Julai akikimbia hukohoa na kifua hutoa mlio. Nimkataze? — Baba, Kasarani*

Jibu: Mzee wangu, usimkataze kabla hamjaonana na daktari, kwa maana pumu iliyodhibitiwa vizuri haimzuii mtoto kukimbia. Paula Radcliffe wa Uingereza aliishi na pumu tangu utotoni, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu hadi 2019. Hewa baridi na kavu ya asubuhi za Julai huikausha mirija ya mapafu, nayo hujibana. Mwombe daktari aamue kama binti atumie inhela dakika chache kabla ya mazoezi. Apashe mwili moto taratibu kwa dakika kumi hadi kumi na tano, ajifunge skafu nyepesi mdomoni na puani, na ikiwezekana akimbie jioni, mbali na moshi wa barabara ya Thika.

Mwalimu wake wa michezo aelezwe jambo moja bayana: kubanwa kifua kunakotokana na pumu mara nyingi huongezeka katika dakika tano hadi kumi baada ya mtoto kusimama, tofauti na kuhema kwa kawaida ambako hupungua akipumzika. Kwa hiyo asiachwe peke yake pindi mbio zinapokwisha, na inhela iwe mfukoni mwa mtu aliye uwanjani, si ndani ya begi darasani. Akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja.

Swali: *Nimejiandikisha kwa mbio zangu za kwanza za kilomita kumi hapa Nairobi. Mazoezini ninapumua vizuri, lakini nikisimama kwenye umati wa watu moyo hudunda na pumzi hupanda kabla hata hatujaanza. — Mhasibu, Ruaka*

Jibu: Hali hiyo huwapata hata mabingwa. Ukiwa kwenye mstari, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha uitoe ukihesabu hadi sita au nane. Pumzi ndefu ya kutoka huyapunguza mapigo ya moyo, na mizunguko kama kumi inatosha. Usizidishe wala usivute kwa pupa, kwa kuwa anayehema kupita kiasi akiwa amesimama huishia kupata kizunguzungu na vidole kufa ganzi. Jipange katikati ya kundi au nyuma, mahali ambapo hakuna atakayekusukuma uondoke kwa kasi isiyo yako. Mbio zikianza, watu watakupita kwa mamia, na wengine watakuwa wenye umri mkubwa kuliko wako na wenye viatu duni kuliko vyako. Waache wapite. Shusha mabega, legeza taya, na ukimbie kilomita mbili za mwanzo kwa mwendo ule ule wa mazoezi mepesi. Ukifika kilomita ya tatu huku bado unaweza kumsalimu aliye kando yako na kumwuliza ametoka mtaa gani, unaweza kuanza kuongeza mwendo.